Joto Kwanza, Kisha Maji: Kumwokoa Kobe Aliyetelekezwa Uani

Kobe anapotolewa mahali alipoteseka, jambo la kwanza analolifikiria mwokozi ni chakula. Anamkuta mnyama mwepesi kuliko alivyotarajia, macho yamedidimia, miguu haina nguvu, naye anakimbilia jikoni kutafuta nyanya, ndizi, mkate uliolowekwa, chochote kilicho laini. Huruma hiyo ni ya kweli, na ndiyo inayoweza kumuua. Kobe aliyepoa na kukaukiwa maji hawezi kusaga chakula. Kinachoingia tumboni hukaa palepale kikachacha. Ndiyo maana madaktari wanaotibu watambaazi hufuata mpangilio wasioupindua: joto, halafu maji, halafu chakula. Nataka kueleza kwa nini mpangilio uko hivyo, kwa sababu anayeuelewa atajua pa kuanzia hata kama daktari yuko mbali, na katika sehemu nyingi za kwetu daktari anayemjua kobe yuko mbali kweli.

Kobe ninayemzungumzia ni yule wa nyika, mwenye gamba la manjano lililoinuka na lenye madoa meusi, anayepatikana kuanzia Ethiopia, kupita Kenya na Tanzania, hadi Afrika Kusini. Akikua anaweza kuzidi kilo 10, na akitunzwa anaishi zaidi ya miaka 50. Huyu ndiye anayeokotwa kando ya barabara, akabebwa ndani ya kiroba, akawa mnyama wa nyumbani bila mtu kuamua hasa kwamba awe wa nyumbani.

Mara nyingi hakuna aliyekusudia ubaya. Watoto walimpenda likizo nzima, kisha shule zikafunguliwa. Mtu mzima mmoja akalitoboa gamba kwa nyuma ili apitishe kamba, asipotee. Baadaye kobe akahamishiwa stoo, au kwenye kibaraza kilichozibwa kwa vioo, akawa anatupiwa mabaki: ugali, wali, maganda ya maembe. Mbuzi mwenye njaa hulia mpaka majirani wakauliza. Kobe hukaa kimya. Anaweza kuishi miezi mingi akila kidogo mno, akipunguza mwendo, akipunguza hata pumzi. Ukiwauliza wenye nyumba watakwambia kwa moyo safi kwamba anaendelea vizuri, hajawahi kuumwa. Ukimya huo ndio unaomponza.

Jambo linalonisikitisha zaidi ni kwamba katika nchi zenye jua mwaka mzima, kobe wa uani huumia kwa kukosa jua. Katika ngozi yake mna kiini kinachobadilishwa na miale ya urujuanimno, hasa ile yenye urefu wa mawimbi wa kati ya nanomita 290 na 315, kuwa kitangulizi cha vitamini D3. Joto la mwili hukamilisha mabadiliko hayo, kisha ini na figo huifikisha vitamini kwenye hali ya kufanya kazi. Kazi yake kubwa ni kuuwezesha utumbo kupokea kalsiamu. Bila vitamini hiyo kobe anaweza kula majani yenye kalsiamu tele, na sehemu kubwa ikapita ikatoka. Kalsiamu ya damu ikianza kushuka, tezi ndogo maalumu hutoa homoni inayoifanya mifupa iachie akiba yake, kwa kuwa moyo na misuli haviwezi kusubiri. Na mfupa mkubwa kuliko yote katika mwili wa kobe ni gamba lenyewe, kwa sababu uti wa mgongo na mbavu zimeungana nalo. Watu hulidhani nyumba anayoibeba. Kumbe ni mwili wake, lina damu, lina mishipa ya fahamu, nalo linaweza kulainika.

Dalili zake zinaonekana na yeyote anayetazama kwa utulivu. Gamba la kobe aliyekwisha kukua halitakiwi kubonyea kwa kidole (la kifaranga wa miezi michache hubonyea kidogo, na hiyo si kasoro). Taya likiwa laini, hawezi kukata nyasi. Sehemu ya gamba iliyo juu ya nyonga huzama, miguu ya nyuma huburutwa, na anapotembea tumbo linasugua chini badala ya kuinuliwa. Akianza kutetemeka vidole na miguu, kalsiamu ya damu imeshuka kiasi cha kuhatarisha maisha; hapo hakuna tiba ya nyumbani, anahitaji daktari siku hiyohiyo.

Vioo vya kibarazani vinastahili kutajwa peke yake. Kioo cha kawaida cha dirisha hupitisha mwanga na joto lakini huzuia karibu miale yote inayotengeneza vitamini D3. Kobe anayekaa nyuma ya kioo anaonekana anaota jua, na mwenye nyumba anaamini hivyo, kumbe kwa mifupa yake yuko gizani. Ulaya na Marekani, ambako watu hufuga kobe wetu hawa katika vyumba vya ndani, hulazimika kununua taa maalumu, tena wanazibadilisha kabla hazijazimika kwa sababu miale hiyo hudhoofika wakati mwanga wa macho bado unawaka. Sisi jua tunalipata bure, tukikumbuka kumtoa nje.

Sasa turudi kwenye saa za kwanza. Kobe hazalishi joto la kutosha mwilini mwake. Hulipata kwenye jua, mwamba na ardhi. Usagaji wa chakula, kinga dhidi ya maradhi, hata jinsi dawa inavyosambaa, vyote hutegemea nyuzijoto za mwili wake. Kobe wa nyika hufanya kazi vizuri mahali penye nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi, pakiwa na upande mmoja wa kuotea unaokaribia 32 hadi 35. Usiku wa Julai jijini Nairobi au Mbeya uko chini sana ya hapo, na mgonjwa aliyelazwa kwenye sakafu ya saruji hataanza kupona hata akipewa dawa ya bei gani. Boksi lililotandikwa nyasi kavu, chumba kisicho na upepo, na chupa ya maji moto iliyozungushiwa taulo upande mmoja vinatosha kuanzia. Neno la maana hapa ni upande mmoja. Lazima aweze kujisogeza mbali na joto likimzidi. Kumweka mgonjwa dhaifu juani saa saba mchana pasipo kivuli ni kumchoma, kwa sababu hana nguvu za kukimbia. Jua la asubuhi, na kivuli hatua mbili kutoka alipo, ndilo jua la tiba.

Akisha kupata joto, ndipo maji. Kobe huhifadhi maji kwenye kibofu chake kikubwa na kuyatumia ukame unapobana, kwa hiyo anayekuja kwako akiwa amekauka amekwisha kuimaliza na akiba hiyo. Mkojo wake utakuonyesha: badala ya maji yenye uji mweupe laini, utaona unga mgumu unaokwaruza kama mchanga, na wengine hujenga mawe kibofuni. Beseni lenye maji ya uvuguvugu, kina kisichopita chini ya kidevu chake, nusu saa kila siku, ndiyo njia ya kawaida. Atakunywa, mara nyingi kwa kutumbukiza kichwa chote akaacha koo likipigapiga, na pengine atajisaidia humohumo. Usiudhike, ni habari njema. Maji yakipoa yabadilishwe, kwa maana kumkalisha kwenye maji baridi ni kuharibu kazi ya boksi. Na ikiwa kichwa kinaning'inia hawezi kukiinua, asiwekwe majini kabisa. Huyo apelekwe kwa daktari adungwe maji mwilini.

Chakula kije baada ya siku kadhaa za joto na maji, na kije kidogo. Sababu yake si tumbo pekee. Mwili ulioshinda njaa kwa muda mrefu umezoea kuishi kwa akiba yake. Ukijazwa wanga na sukari ghafla, homoni ya insulini husukuma fosfeti na potasiamu kutoka kwenye damu kuingia kwenye seli, damu inapungukiwa, na moyo unaweza kusimama. Madaktari wa binadamu wanaijua hatari hii kwa wagonjwa waliodhoofika kwa njaa, na wa wanyama wanaijua pia. Hivyo huanza na sehemu ndogo ya mahitaji ya mnyama, wakaongeza polepole kwa siku na wiki.

Chakula chenyewe kwa kobe huyu ni nyasi. Ukoka unaomea kando ya njia, majani ya porini, maua ya haibiskasi, vipande vya dungusi vilivyoondolewa miiba, sukuma wiki kwa kiasi. Spinachi na mchicha visiwe mlo wa kila siku, kwa sababu vina oksaleti inayoifunga kalsiamu. Tumbo lake limeumbwa kuchachusha nyuzinyuzi taratibu, na mlo mmoja unaweza kuchukua wiki au zaidi kumpitia. Matunda matamu huvuruga uchachushaji huo na kuleta kuharisha. Ugali, wali na mkate humshibisha bila kumjenga, na fosforasi yake ni nyingi kuliko kalsiamu, kinyume kabisa cha anachohitaji: kalsiamu iwe walau maradufu ya fosforasi. Wanaompa nyama au chakula cha mbwa humchosha figo. Maganda ya mayai yaliyochemshwa, yakakaushwa na kusagwa, yanaongeza kalsiamu. Pwani wapo wanaookota ufuoni ule mfupa mweupe wa ngisi, nao unafaa vilevile, kobe huutafuna apendapo.

Hapa nataka kusimama kwa muda kuhusu dawa, kwa sababu kosa moja linarudiwa kwa nia njema na linaua. Mwokozi anaona kupe shingoni na kwapani, anahisi minyoo, anakwenda duka la dawa za mifugo. Anauziwa aivamektini, ile inayodungwa ng'ombe na mbuzi, dawa nzuri iliyookoa mifugo mingi. Kwa kobe ni sumu. Tangu 1983 imeandikwa katika majarida ya udaktari wa mifugo kwamba humlegeza misuli hadi kupooza, na wengi hufa kwa kushindwa kupumua. Hakuna kipimo kidogo cha nyumbani kinachoifanya salama. Kupe waondolewe mmoja mmoja kwa kibano, wakishikwa karibu na ngozi, kisha wauawe. Wasitupwe nyasini, maana baadhi ya kupe wa kobe wanaweza kubeba vijidudu vya ugonjwa wa moyo kujaa maji unaoua ng'ombe, mbuzi na kondoo. Kwa hofu hiyohiyo Marekani ilipiga marufuku mwaka 2000 uingizaji wa kobe wa nyika na jamaa zake wawili wa Afrika. Minyoo isubiri uchunguzi wa kinyesi. Kobe wengi huishi na minyoo michache bila madhara, na mgonjwa aliyedhoofika anaweza kuvumilia minyoo kuliko anavyoweza kuvumilia dawa yake.

Vitamini A nayo ina mtego wake. Macho yaliyovimba huwafanya watu wadhani amepungukiwa, akadungwa. Kipimo kikizidi, ngozi ya kobe huchubuka na kubanduka vipande vipande. Macho ya kobe wa nyika mara nyingi yamefumba kwa ukavu tu, na beseni la maji ya uvuguvugu huyafumbua.

Akiwa na makamasi, akipumua kwa mdomo wazi na shingo imenyooshwa, tatizo liko njia ya hewa au mapafu. Kobe hana kiwambo cha kusukuma pumzi tulicho nacho sisi, wala hawezi kukohoa kwa nguvu, hivyo uchafu ukishafika mapafuni hauna njia rahisi ya kutoka. Antibayotiki zipo, lakini aina na kipimo ni kazi ya daktari, na zitafanya kazi kwa kobe aliyetunzwa kwenye joto lake.

Kuhusu gamba, kwa kuwa ni mfupa hai uliofunikwa na ganda mfano wa kucha, tundu la kamba ni jeraha, wala halina tofauti na tundu lililotobolewa mfupani kwa mtu. Likinuka au likitoa majimaji, lisafishwe kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa na kupakwa dawa ya ayodini, na liachwe wazi likauke. Kuliziba kwa gundi au saruji huku lina usaha ni kuufungia ugonjwa ndani. Aliyepakwa rangi, jambo ninaloliona mara kwa mara pale wenye nyumba wanapotaka kumtambua, asisuguliwe kwa thina wala petroli, maana vimiminika hivyo hupenya. Rangi iondolewe kidogo kidogo kwa brashi laini na maji, hasa kwenye mishono kati ya kigae na kigae, kwa sababu hapo ndipo gamba linapokulia.

Hapo kwenye mishono ndipo pia unaposomeka mwenendo wa kupona. Mizani ya jikoni hudanganya mwanzoni: gramu zinazopanda wiki ya kwanza ni maji yaliyorudi kibofuni, hazihusu nyama wala mfupa. Mpimeni siku ileile kila wiki, kabla ya kumweka kwenye beseni, na andikeni. Baada ya miezi, kama mambo yanakwenda sawa, mstari mwembamba wa rangi nyepesi hujitokeza kuzunguka kila kigae. Huo ni mfupa na ganda jipya. Ukiwa laini na tambarare, jua na mlo vimekaa sawa. Vigae vya zamani vilivyochongoka kwenda juu havitashuka. Kwa muda mrefu protini nyingi ndiyo iliyolaumiwa kwa uchongokaji huo, lakini utafiti wa Vienna uliochapishwa 2003, uliofanywa kwa kobe wakubwa wa ukanda wa Saheli, ulionyesha kwamba ukavu wa hewa wanamokulia ulichangia zaidi kuliko protini. Ndiyo maana kifaranga anayefugwa ndani ya boksi kavu la karatasi huchongoka, hata kama analishwa vizuri. Kobe wengine wa nyika huwa na uvimbe kiasi hata porini, kwa hiyo asihukumiwe kwa sura pekee.

Nasisitiza hili kwa sababu waokoaji wengi hukata tamaa pale umbo linapokataa kurudi. Kupona kwa kobe maana yake ni gamba kuwa gumu tena, tumbo kuinuka kutoka chini anapotembea, na kwenda mwenyewe kutafuta nyasi asubuhi. Nyonga iliyozama itabaki imezama. Kupona huko huchukua miezi mingi, pengine mwaka na zaidi.

Halafu linakuja swali la kumrudisha porini, na moyo wa kila mtu unajibu ndiyo kabla akili haijafikiri. Sheria iwe ya kwanza: Kenya, kwa Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, na Tanzania Bara, kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, kumiliki mnyamapori bila kibali ni kosa. Anayemwokoa kobe awataarifu KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, au TAWA, mamlaka ya wanyamapori ya Tanzania, pamoja na ofisi ya wanyamapori ya wilaya, mapema kabisa, kabla mwezi haujapita akaonekana yeye ndiye mfugaji. Ndaki ya tiba ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, ni mahali pa kuuliza ushauri kwa walio karibu.

Zaidi ya sheria kuna maradhi. Kobe aliyekaa na kuku, mbwa na kobe wengine wa biashara anaweza kubeba vijidudu ambavyo wenzake wa porini hawajawahi kukutana navyo. Jangwani Mojave, Marekani, kobe wa huko waliosumbuliwa na maradhi ya pua na mapafu walifanya wataalamu washuku kobe waliofugwa majumbani kisha wakaachiliwa. Na kuna asili yake: kobe aliyeokotwa Kitui akaachiliwa Tanga si kobe aliyerudi nyumbani. Kwa kobe bapa wa miambani, yule mwenye gamba jembamba anayejibana kwenye nyufa za mawe ya Kenya na Tanzania, jambo hili ni zito kupita kiasi. Jike hutaga kwa kawaida yai moja kwa mara, biashara ya wanyama wa kufugwa imewamaliza katika maeneo mengi, na tangu 2019 biashara yake ya kimataifa imewekwa katika daraja la ulinzi mkali kuliko yote. Mmoja wao akipatikana kwenye boksi la mtu, mahali alipotoka pana thamani sawa na uhai wake, kwa hiyo aliyemleta aulizwe kwa upole, bila kutishwa, aseme ni mlima upi.

Watoto wa nyumba nao walindwe. Kobe hubeba bakteria za salmonela bila kuumwa, na ni kwa sababu hiyo Marekani ilizuia mwaka 1975 uuzaji wa kobe wadogo wenye gamba lisilofika sentimita 10, saizi ambayo mtoto huweza kuitia mdomoni. Beseni la kobe lisirudi jikoni, na mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kumshika.

Kobe wengi waliopitia ugonjwa wa mifupa hawataachiliwa. Wataishi kwenye uzio wa taasisi au ua wenye kibali, tena kwa miongo, pengine wakipita mikono ya watu watatu au wanne. Kwa jike hilo lina hatari iliyojificha. Nyonga iliyobanwa alipokuwa mchanga haipanuki tena, na atakapopevuka mayai yanaweza kukwama njiani, hata miaka kumi baada ya gamba lake kuwa gumu na kila mtu kuamini kwamba yale yalikwisha. Ataacha kula, atachimbachimba bila kutaga, atatulia pembeni, na asiyejua historia yake atadhani ni baridi. Basi anapokabidhiwa kwingine apelekwe na daftari lake: alipookotwa, uzito wake wa kila wiki, dawa alizopewa na tarehe zake, na maneno wazi kwamba nyonga yake ilizama. Daktari atakayempiga eksirei siku ya mayai ataanzia kwenye ukurasa huo.